Uzi: Mtoto anayepepesa macho, kuguna na kurusha shingo bila kukusudia. Tuijue sindromu ya Tourette

Mama_Dodoma (mleta mada)

Wanajamvi, habari za leo. Bandiko ni refu, mnivumilie.

Naandika kwa ajili ya mzazi au mwalimu anayeishi na mtoto anayepepesa macho mfululizo, anayesafisha koo kutwa nzima, anayerusha bega au shingo, anayeguna, halafu kila mtu ana lake la kusema: ana mchezo, ana kiburi, kaiga kwenye runinga, kaingiliwa na kitu. Mwanangu yuko darasa la nne na ana Tourette. Niliyoyapata kwa madaktari na kwa wazazi wenzangu nayaleta hapa, na kubwa kuliko yote ni hili: mtoto huyu hafanyi makusudi. Kila tunapomkemea "acha!" tunamwongezea wasiwasi, na wasiwasi ndio unaozidisha.

Tuanze na jina. Wataalamu huziita tiki. Tiki ni mwendo au sauti inayokuja ghafla, ya haraka, inayojirudia. Za mwendo ni kama kukonyeza, kukunja pua, kufungua mdomo, kupandisha bega, kukaza tumbo. Za sauti ni kukohoa pasipo kikohozi, kuvuta pua pasipo mafua, kuguna, kupiga kelele fupi, kurudia neno alilotoka kulisikia. Daktari husema ni Tourette mtoto akiwa na tiki za mwendo zaidi ya moja na angalau moja ya sauti, zikiwa zimeanza kabla ya miaka 18, na zikiwa zimepita mwaka mmoja tangu ya kwanza ilipotokea, hata kama katikati zilikuwa zinapotea na kurudi. Za mwendo na za sauti si lazima zionekane kipindi kimoja. Zikiwa hazijafikisha mwaka, ni tiki za muda, na hizo watoto wengi wa shule hupitia kidogo kisha zikaisha zenyewe. Kwa hiyo mwenye mtoto aliyeanza kukonyeza mwezi jana asipaniki.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayosema "hii ni Tourette". Daktari anasikiliza historia, anamtazama mtoto, anaondoa magonjwa mengine. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kinataja tafiti zinazokadiria kwamba mtoto 1 kati ya 162 anayo. Ukiyapeleka makadirio hayo kwenye shule yenye wanafunzi 1,000, ni watoto kama 6. Jiulize kwenye shule ya mwanao hao 6 wanaitwa nani. Wavulana ni wengi kuliko wasichana, mara tatu hadi nne. Mara nyingi huanza kati ya miaka 4 na 6, usoni kwanza, macho hasa, ndipo zinashuka shingoni na mabegani. Hukolea zaidi miaka 10 hadi 12, kisha kwa wengi hupungua ujana unapoingia. Wapo wanaobaki nazo ukubwani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona linatupoteza wazazi wengi wa huku kwetu. Tiki hupanda na kushuka. Hukaa wiki kadhaa, zinafifia, zinahama mahali pengine. Kwetu zilianza na macho. Hospitalini tukaambiwa ni mzio, tukapewa matone. Macho yakatulia, matone yakapata sifa. Baadaye likaja koo, ikaja dawa ya kikohozi, koo likatulia, dawa ikapata sifa. Likafuata bega, na hapo bibi yake akasema ni mchango, tukaletewa mizizi ya kuchemsha. Bega nalo likatulia!

Mnaona kinachotokea? Mzazi hutafuta tiba siku hali inapokuwa mbaya kabisa, na hali iliyofika kileleni itashuka tu, uwe umeweka matone, umekunywesha mizizi, umeombea au umekaa kimya. Ndiyo maana kila jirani ana dawa "iliyomponya mtoto wa fulani", na ndiyo maana watu wanamaliza akiba wakizunguka. Ukitaka kujua kama kitu kinasaidia, kitazame kwa miezi, si kwa wiki.

Chanzo kimo ndani ya ubongo, kwenye mizunguko ya mawasiliano inayochuja mienendo ipi itoke na ipi izuiwe, na kemikali ya dopamini ina nafasi yake humo. Hali hii hurithiwa sana katika familia, ingawa hakuna jeni moja la kulinyooshea kidole. Kwa hiyo usishangae ukikumbuka kwamba baba mdogo naye alikuwa "anasafishasafisha koo". Malezi hayaleti Tourette. Kutengana kwa wazazi hakuleti Tourette. Mambo hayo yanaweza kuzidisha tiki zilizopo, lakini hayazianzishi.

Jina limetokana na daktari Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, aliyeandika habari za wagonjwa 9 mwaka 1885 akiwa hospitali ya Salpêtrière, Paris. Miaka mingi ya karne ya 20 wapo wataalamu waliosema chanzo ni migogoro ya nafsi, na kina mama wakabebeshwa lawama. Kwenye miaka ya 1960 Arthur na Elaine Shapiro, mtu na mkewe huko Marekani, walionyesha kwamba dawa ya haloperidoli inapunguza tiki, na ile hadithi ya malezi mabaya ikaanza kufifia. Inaniuma kwamba huku kwetu mama bado anaulizwa "ulimfanya nini mtoto?"

La mwisho kwenye bandiko hili. Mtu akisikia Tourette anafikiria matusi, kwa sababu ndivyo sinema zinavyoonyesha. Kutoa matusi bila hiari kupo, ila kunawapata wachache, takriban 1 kati ya 10. Wengi hawajawahi kutukana. Na yule anayetokwa na tusi kwa tiki hastahili kupakwa pilipili mdomoni.

Karibuni tuchangie.

Mwl_Singida

Dada, kwanza hongera kwa uzi. Ila naomba niseme kama mwalimu. Darasani kwangu wapo zaidi ya 80. Mtoto akiguna, kumi wanacheka, ishirini wanamwiga, somo limekwisha. Halafu kuna jambo linanitatiza kweli. Ninaye mtoto wa namna hiyo. Nikimwita mbele kusoma, anatulia. Uwanjani kwenye mpira, kimya kabisa. Nikigeuka ubaoni ndipo naanza kumsikia. Sasa mtu anayeweza kutulia mbele ya mwalimu na akashindwa nyuma ya mgongo wake, utamwambiaje mwalimu mkuu kwamba hajiwezi?

Fundi_Umeme_Arusha

Mwalimu, naomba hili nilijibu mimi kwa sababu naishi nalo. Nina miaka 34, tiki zilinianza kabla sijaingia darasa la kwanza.

Inaanza na hisia. Kwangu ni chini ya sikio la kushoto, panapokutana shingo na bega. Panakaza, panawasha kwa ndani, pasipokunika. Nikirusha kichwa, panaachia. Nisiporusha, panaendelea kukaza mpaka sisikii mtu anayeongea nami. Ni kama chafya: unaweza kuibana ukiwa msikitini au kanisani, lakini huwezi kuibana huku unapiga hesabu za sehemu. Na wakati mwingine narusha mara moja, haijakaa sawa, narudia mpaka ikae sawa.

Kwa hiyo ndiyo, mbele yako mtoto anabana. Anabana kwa nguvu zake zote kwa sababu anakuogopa. Kwenye kusoma anabana, ukimuuliza alichosoma hajui. Ukigeuka, anaachia. Mimi nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda chooni ili nikarushe shingo nikiwa peke yangu, narudi nimetulia, naambiwa mtoro. Nimechapwa mstarini mbele ya shule nzima kwa kosa la "kumwigiza mwalimu wa zamu". Kila fimbo iliyofuata ilikuta shingo inaruka zaidi.

Kuhusu mpira, hapo sibani chochote. Akili na mwili vikizama kwenye kitu, hamu yenyewe inapungua. Leo nikiwa juu ya ngazi nafunga nyaya, mikono ina kazi, macho yana kazi, naweza kumaliza saa nzima sijarusha. Nikikaa foleni benki, hapo ndipo utaniona. Na kama mnapenda mpira, mtazameni Tim Howard, kipa wa Marekani aliyedakia Manchester United na Everton. Ana Tourette tangu utotoni. Alivyozuia mashuti ya Ubelgiji kwenye Kombe la Dunia la 2014, dunia nzima iliona.

Mama_Dodoma (mleta mada)

Kaka Fundi, pole kwa hayo ya mstarini, na ahsante. Umeieleza kuliko ningeweza.

Mwalimu, niongeze kidogo. Watoto wadogo, chini ya miaka 9 au 10, wengi hawajui hata kama hiyo hisia ipo. Wanajikuta tu wamefanya. Ukimuuliza "kwa nini unafanya hivyo?" atajibu "sijui", na ni kweli hajui.

Kwa darasa la watoto 80, yaliyofanya kazi shuleni kwa mwanangu hayakugharimu hata shilingi. Kukaa pembeni karibu na mlango, wala si mbele kabisa, kwa sababu mbele macho ya darasa zima yako kisogoni kwake. Ruhusa ya kutoka bila kunyoosha mkono, dakika mbili tatu, arudi. Mwalimu kutoitaja tiki kabisa, kuendelea na somo kana kwamba hajasikia. Watoto walimwangalia mwalimu, walipoona hashtuki na wao wakaacha kushtuka. Hilo la mwisho lilichukua muda mfupi kuliko nilivyotarajia. Kwenye majaribio ya darasani, kama tiki ziko mikononi au machoni, muda wa ziada au chumba kingine. Na mwalimu aliwaeleza wanafunzi wenzake siku moja, mwanangu akiwa amekubali na amechagua mwenyewe maneno ya kusemwa: "Ubongo wangu unanifanya nigune. Hainiumi, haiambukizi, mkinichekea inazidi." Basi.

Usimwambie mtoto mwenyewe eleza mbele ya darasa kama hajataka. Hilo ni lake.

Mzee_wa_Pangani

Assalaam alaykum. Nimesoma yote. Sisi watu wa pwani mtoto wa namna hiyo husomewa, hupewa kombe, yaani maji ya aya za Kurani ya kunywa, na tumeona wanatulia. Au mnatuambia dini tuiweke kando tufuate hospitali peke yake?

Mama_Dodoma (mleta mada)

Waalaykum salaam, shikamoo mzee wangu. Hapana, sisemi hivyo. Mtoto akikalishwa na babu yake, akasomewa kwa upole, akashikwa kichwa, hofu inamtoka, na hofu ikipungua tiki hupungua. Sina ugomvi na dua, wala na maombi ya kanisani.

Ugomvi wangu ni na wale wanaomfunga mtoto kamba, wanaomchapa "pepo atoke", wanaomfukiza moshi mpaka anakosa pumzi, wanaomfungisha siku kadhaa bila chakula. Hayo yapo, yanafanywa na watu wa dini zote na wasio na dini, na mtoto anatoka hapo akiamini ndani yake kuna kitu kichafu. Mtoto wa miaka minane kulala na wazo hilo! Hapo sikubali, mzee wangu, na naamini nawe hukubali.

Kwa kuwa umegusa dini, yupo mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, Mahmoud Abdul-Rauf, aliyezaliwa akiitwa Chris Jackson huko Mississippi na kusilimu mwaka 1991. Ana Tourette. Alichezea Denver Nuggets, na msimu wa 1993–94 aliongoza ligi nzima kwa mitupo huru, akifunga asilimia 95.6. Ile hali aliyoisema Fundi ya kurudia mpaka ikae sawa, yeye ilimweka uwanjani akirudia mtupo mpaka ausikie umekaa. Akaigeuza kazi.

Mzee_wa_Pangani

Marahaba mwanangu. Kupiga mtoto kwa jina la kumsomea hakumo katika mafunzo niliyopewa mimi. Hapo tuko pamoja.

Mama_wa_Tanga

Jamani naomba msaada, huu uzi umenigusa. Binti yangu ana miaka 9. Miezi michache nyuma aliumwa koo, baadaye homa na magoti, akapona. Sasa wiki ya pili mikono inachezacheza yenyewe, kikombe kinamponyoka, mwandiko umeharibika ghafla, anatembea kama atajikwaa, na analia ovyo. Akilala anatulia. Ni hii Tourette?

Daktari_wa_Watoto

Mama, hili lisikae mtandaoni. Mpeleke hospitali kesho asubuhi, hospitali ya wilaya au ya rufaa, si duka la dawa.

Unayoyaeleza hayafanani na tiki. Tiki hujirudia kwa namna ileile: bega ni bega, leo na kesho. Mienendo ya binti yako inahama ovyo kutoka kiungo hiki hadi kile, haijirudii, inaharibu mambo ya mikono, imeanza ghafla, na ilitanguliwa na koo na magoti. Hiyo inanifanya nifikirie homa ya rumatiki, ile inayofuata maambukizi ya koo na inayoweza kuharibu vali za moyo. Mienendo hiyo inaitwa ugonjwa wa Sydenham na ni moja ya dalili zake. Mtaje daktari historia ya koo na magoti hata kama hakuuliza, na uombe moyo usikilizwe na upigwe picha ya mawimbi ya sauti. Ikithibitika, atahitaji sindano za penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka, ili moyo usiumizwe tena. Homa ya rumatiki bado inaharibu mioyo ya watoto wengi wa nchi zetu, ndiyo maana nakuharakisha.

Kwa wengine, dalili zinazonifanya nisite kusema "ni tiki tu": mtoto anapoteza fahamu au anakodoa macho bila kusikia anapoitwa, hapo nawaza kifafa, mienendo inayoendelea usingizini kwa nguvu ileile, kudhoofika upande mmoja, kushuka ghafla kwa akili au mwendo. Kwenye tiki mtoto yuko macho, anakusikia, anakujibu. Chukua video kwa simu nyumbani, akiwa anatazama runinga au anakula, bila yeye kujua unamrekodi kwa ajili hiyo. Watoto wengi wakifika chumba cha daktari wanabana, wanatulia kabisa, na mzazi anaonekana mzushi. Video fupi inamaliza ubishi, na inaepusha mtoto kuanzishiwa dawa za kifafa asichokuwa nacho.

Tena, msichana wa miaka 14 au 15 anayeanza kwa kishindo siku moja, sauti kubwa na mienendo mikubwa, bila historia ya utotoni, mara nyingi ana hali nyingine inayofanana na tiki lakini matibabu yake ni tofauti. Wakati wa janga la UVIKO tuliona taarifa nyingi za namna hiyo Ulaya na Marekani, na video za mitandaoni zilikuwa na mchango. Nao hawaigizi. Wapelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Baba_Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Daktari, tuambie dawa basi. Kijana wangu ana miaka 11, amepimwa, ni Tourette. Tumeandikiwa haloperidoli, akimeza analala darasani. Mke wangu anataka tuache.

Daktari_wa_Watoto

Pole baba. Msiache ghafla bila kuongea na aliyeandika, ila rudini upesi mkamweleze. Huenda dozi ni kubwa au muda wa kumeza haufai. Na mkiona shingo imepinda na kukakamaa, macho yamepandishwa juu au ulimi umekuwa mgumu, hiyo ni athari ya dawa yenyewe: mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo, ina tiba.

Dawa hazimalizi Tourette, zinapunguza tiki. Swali la kwanza ni kama tiki zinamsumbua mtoto mwenyewe: zinamuumiza shingo, zinamnyima usingizi, zinamzuia kusoma au kucheza. Kama zinamsumbua shangazi peke yake, tunamwelimisha shangazi. Watoto wengi hawahitaji dawa. Wanaohitaji, kuna klonidini na guanfasini, ambazo ni nyepesi lakini zinashusha presha na kuleta usingizi; kuna aripiprazoli, inayoweza kuongeza uzito; na kuna haloperidoli, ya zamani, yenye nguvu na athari zaidi. Tunaanza na dozi ndogo na kupanda polepole.

Kuna pia mafunzo ya tabia, na miongozo ya Ulaya na ya Marekani inayaweka mbele ya dawa pale yanapopatikana. Mwaka 2010 huko Marekani ulichapishwa utafiti wa watoto 126 wa miaka 9 hadi 17: baada ya wiki 10, waliopata mafunzo haya asilimia 52.5 walikuwa na nafuu kubwa, wakati waliopata ushauri wa kawaida ni asilimia 18.5. Mtoto anafundishwa kuitambua ile hisia ya Fundi inapoanza, kisha anafanya tendo linalopingana na tiki mpaka hisia ipite. Tiki ya kurusha kichwa: anashusha kidevu kidogo, anakaza shingo taratibu, macho mbele, anahesabu kimoyomoyo mpaka mkazo ushuke. Tiki ya kuguna au kusafisha koo: anafunga mdomo, anavuta pumzi polepole kwa pua na kuitoa polepole. Inashughulikiwa tiki moja kwa wakati, ile anayoichukia mtoto zaidi, na mazoezi ni ya kila siku. Hiyo ni tofauti na "jikaze". Tafuteni mwanasaikolojia au mtaalamu wa tiba kwa vitendo kwenye hospitali ya rufaa, muulize kama anayajua mafunzo haya ya tiki.

Mama_Dodoma (mleta mada)

Baba Likoni, naomba niongezee jambo moja ambalo kwetu lilibadilisha kila kitu. Tazama kilicho chini ya tiki. Zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wenye Tourette wana hali nyingine inayoambatana nayo. Nusu hivi au zaidi wana ADHD, kutotulia na kukosa umakini. Wengi wana OCD, mawazo na matendo ya kujirudia ambayo mtoto hawezi kuyaacha. Kuna wasiwasi, kuna hasira zinazolipuka jioni, kuna shida ya kusoma au kuandika.

Mwanangu alikuwa anashindwa kumaliza kazi ya nyumbani na sote tukalaumu tiki. Siku moja nilikaa pembeni nikamtazama tu. Aliandika herufi "a", akaifuta. Akaiandika, akaifuta. Mkia haukugusa mstari kama anavyotaka. Aliendelea mpaka karatasi ikatoboka, akaanza ukurasa mpya kuanzia juu, kwa sababu ukurasa wenye tundu nao hauwezi kukaa. Wakati wote huo hakuguna hata mara moja. Tiki hazikuwa zinamzuia kuandika, ni ile ya "mpaka ikae sawa". Nilipomweleza daktari hilo, matibabu yalielekezwa huko, na sasa anaandika kwa kalamu ya wino, bila kifutio, kwa makubaliano yake mwenyewe na mtaalamu wake. Tiki bado zipo. Kazi za nyumbani zinaisha.

Kwa hiyo ukimpeleka kijana, usiseme "anarusha shingo" ukanyamaza. Sema analalaje, anaogopa nini, anakasirikaje, anarudia nini, masomo yakoje.

Baba_Likoni

Sasa umenifungua macho. Huyu wangu hulala baada ya kugusa kitasa cha mlango mara kadhaa, na mimi nilikuwa namfokea kwamba ananichelewesha kuzima taa. Nitamweleza daktari. Ahsanteni sana.

Mama_wa_Tanga

Nimerudi kuwapa mrejesho. Tulikwenda kesho yake kama daktari alivyosema. Wamesikia sauti moyoni, picha ikaonyesha vali moja imeguswa kidogo. Ameanza sindano. Mikono inaendelea kutulia. Daktari, Mungu akubariki, sijui niseme nini.

Daktari_wa_Watoto

Nimefurahi mno, mama. Tarehe za sindano ziandike ukutani, usiruke hata moja hata akionekana mzima. Na akienda kung'oa jino, mtaje ugonjwa huu.

Mwl_Singida

Nimerudi pia. Yule mtoto nimemhamishia dirishani karibu na mlango, na nimewaomba wenzangu ofisini waache kumtuma nje kwa kuguna. Wawili wamenielewa, mmoja bado. Mwalimu mkuu anasema hataki maneno ya mdomo, anataka kitu cha maandishi kutoka kwa mzazi. Mzazi wake hajui aandike nini. Dada, una mfano?

Mama_Dodoma (mleta mada)

Ninao, ndio niliopeleka mimi. Nauweka hapa, kila mtu abadilishe kulingana na mtoto wake:

"Mwalimu Mkuu, salaam. Mwanangu wa darasa la nne ana sindromu ya Tourette, hali ya mfumo wa fahamu iliyothibitishwa na daktari; nakala ya cheti nimeambatanisha. Hali hii humfanya atoe sauti ya kuguna na kurusha shingo pasipo hiari yake. Haiambukizi na haipunguzi akili yake. Huzidi akiwa amechoka, ana hofu au anatazamwa, na hubadilika mwezi hadi mwezi, hivyo mnaweza kuona tiki mpya. Naomba asiadhibiwe kwa sauti au mienendo hiyo. Naomba akae karibu na mlango, aruhusiwe kutoka kwa dakika chache anapohitaji, na apewe muda zaidi kwenye majaribio. Akivunja taratibu nyingine za shule, aadabishwe kama wenzake, kwa namna isiyomwaibisha mbele za watu. Niko tayari kuja kuzungumza na walimu wakati wowote. Namba yangu ya simu iko chini."

Mwalimu, ile sentensi ya kuadabishwa kama wenzake msiitoe. Ndiyo iliyomfanya mwalimu mkuu wetu akubali, kwa sababu aliona simtafutii mtoto upendeleo. Na kama mzazi hana cheti bado, aandike "tuko kwenye uchunguzi" na ataje tarehe ya kliniki. Nakala moja ibaki kwa mwalimu wa darasa, nyingine kwa mwalimu wa nidhamu, maana walimu wanahamishwa, na Januari utaanza upya na mtu asiyejua chochote.